Hotensia Zilizooga Maji ya Moto

Yustina mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana leo asubuhi umeniamkia mwenyewe ukiwa umeshika sufuria ya uji, nami nikakuitikia bila kukutazama usoni. Ninaandika nikiwa kazini Kiyovu, ndani ya stoo ya majembe, nimekaa juu ya gunia la samadi. Mvua imenifungia humu tangu mchana. Siku ya mvua bustani haina kazi, na bosi hajaniita, basi nimepata nafasi ambayo kule nyumbani Gatsata nisingeipata, kwa sababu pale nikinyamaza kidogo tu mama yako anauliza ninaumwa wapi.

Mambo ya chandarua, sabuni, na kutokula vya njiani mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena njia nzima mpaka stendi ya Nyabugogo. Mimi nina jambo moja. Juzi ulipokuwa unalifunga sanduku lako kamba uliniuliza, "Baba, kwa nini tusiende wote? Hata wiki moja, ukamwone bibi?" Nikakujibu, "Nani atamwagilia maua ya watu?" Mama yako akacheka, nami nikacheka. Wewe hukucheka. Uliniangalia, kisha ukaendelea na kamba yako.

Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili, na ni refu, kwa hiyo usilisome leo. Lisome kwenye gari, ukishavuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania.

Nilipotoka kwetu Kasulu nilikuwa kijana wa darasa la nne, ninajua kusoma gazeti kwa kidole. Nilipanda juu ya lori la chumvi kama mpakiaji, nikijua ninakwenda na kurudi. Mlango wa nyuma wa nyumba ya bibi yako ulikuwa unakwama, mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Asubuhi ile bibi yako aliusukuma kwa bega ili nipite na mzigo wangu. Nikamwambia, "Mama, nikirudi nitauchonga." Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Lori lilishusha chumvi hapa Kigali, pale Nyabugogo, nikapata kazi ya kubeba magunia palepale, nikampata mama yako, ukazaliwa wewe, na baadaye mtu akaniambia Kiyovu kuna Madamu wa Kizungu anatafuta mtu wa bustani.

Hiyo bustani ndiyo hii, na hadithi ya hotensia na maji ya moto unaijua. Umeisikia kila Krismasi, na ukiwa mdogo ulikuwa unaniomba niirudie, nikifika mahali pa ndoo unapiga makofi. Lakini mimi huwa ninaimaliza pale watu wanapocheka. Leo nitapita pale.

Nilipofika sikuwa nimewahi kuona mmea unaolimwa ili utazamwe tu. Kwetu mmea unaliwa, au unauzwa, au ni wa kufungia mbuzi. Hapa nikakuta hotensia sita zimepangwa ukutani chini ya baraza, kila moja inanifika kifuani, na juu yake maua ya mviringo makubwa kama kichwa cha mtoto, rangi ya wino. Nilimuuliza mpishi, Mzee Bahati, yule wa Bukavu uliyemwona mara moja, "Hii inaliwa lini?" Akaniambia, "Inaliwa na macho, weye. Na ikikufa mikononi mwako, wewe ndiye utaliwa."

Mwezi wa kwanza nilikaribia kuziua zote kwa huruma. Hotensia ina tabia hii: jua la saa sita likiipiga inalegea, majani yananing'inia, utadhani inakata roho. Mimi nikiona hivyo ninakimbia na ndoo. Kesho yake inalegea tena, ninakimbia tena. Udongo ukawa matope, mizizi ikaanza kuoza. Mzee Bahati ndiye aliyenizuia. Alisimama mlangoni na mwiko wake akasema, "Acha ndoo. Rudi jioni, uangalie." Nikarudi jioni, nikakuta imesimama yenyewe, kama vile mchana hakukuwa na kitu. Tangu hapo ninaiangalia asubuhi. Ikiwa imelegea asubuhi, ndiyo ina kiu. Ikilegea mchana tu, ninaiacha. Na mama yako pia ninamwacha hivyohivyo, usimwambie.

Mwaka wa pili nikafanya kosa jingine. Nilichukua mkasi nikazikata chini kabisa, kama tulivyokuwa tunakata kahawa iliyozeeka ili ichipue upya. Zikachipua vizuri mno, majani mapana, na mwaka mzima hazikutoa hata ua moja. Ua la hotensia linakaa ndani ya tawi la mwaka uliopita, limeshajifunga humo na huwezi kuliona kwa nje. Ukikata tawi kuukuu ukidhani unasafisha, umekata maua ya kesho. Madamu alikasirika, lakini akanisamehe. Mwaka ule wote alikuwa akipita pale ukutani anaangalia pembeni.

Yeye mwenyewe zile hotensia hakuzipenda zilivyokuwa. Kwao, alikuwa akisema, nyumbani kwa mama yake zilikuwa za waridi, na hapa zilikuwa za buluu. Mimi nilidhani ni kabila jingine la hotensia. Sikujua kwamba ni mmea uleule, na kwamba udongo ndio unaoamua rangi.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu wakati ule. Dereva wa lori kutoka kwetu alinipata pale Nyabugogo akaniambia babu yako anaumwa, hatoki kitandani, anauliza habari zangu. Nikamwendea Madamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba kitu. Alinisikiliza. Mtoto wake wa kike alikuwa anakaribia komunyo ya kwanza na wageni wangekuja wengi. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Maua kwanza. Baba baadaye." Usimchukie kwa maneno hayo. Hakuyasema kwa ubaya. Kiswahili chake kilikuwa kifupi hivyo. Maana yake ilikuwa kwamba komunyo ikipita nitapata wiki tatu na nauli, na alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Siku hiyohiyo alinipeleka ukutani. Alitaka maua ya waridi kwa siku ya mtoto. Akainama, akanionyesha udongo chini ya shina, akasema kwa Kifaransa niweke sho. Akanyoosha mkono upande wa jikoni. "Sho. Umeelewa?"

Mimi neno hilo nilikuwa ninalijua, Yustina, hapo ndipo penye balaa. Kila asubuhi mezani yule mtoto akishika kikombe cha maziwa mama yake anamwambia, "Angalia, ni sho." Sho ni moto. Nilipoajiriwa nilikuwa nimemwambia Madamu kwamba Kifaransa ninakielewa, na nilichokuwa nacho ni maneno machache ya jikoni. Nikatikisa kichwa kukubali. "Wi, Madamu." Moyoni nilishangaa: maua yaoge maji ya moto? Lakini nikajisemea, hawa watu wanaoga maji ya moto hata wakati wa joto, wanajua wanachofanya.

Asubuhi nikaenda jikoni na ndoo.

"Mayi ya moto ya nini?" Mzee Bahati akauliza.

"Ya maua."

"Maua inaoga?"

"Madamu amesema."

"Na sabuni hukuambiwa? Na taulo je?"

"Mzee, nipe maji."

"Mimi ninakupa, mwana. Lakini uyaulize maua kwanza, pengine yanapenda chai."

Siku ya kwanza niliogopa, nikayapoza mpaka ya uvuguvugu. Jioni Madamu akaja, akagusa udongo, hakuona kitu. Akanigeukia akapaza sauti, "Sho, Gervas! Sho!" Hapo nikaelewa kwamba sikuyachemsha ya kutosha. Kesho yake nilibeba ndoo inayotokota, nikaanza na hotensia ya kwanza karibu na jikoni, nikaenda moja moja mpaka ya mwisho kwenye kona.

Nyumbani huwa ninaishia hapo. Mama yako anasema, "Majani yakawa mchicha wa kupika!" na wageni wanashika mbavu. Ni kweli yalikuwa hivyo. Jioni ile yalikuwa meusi, yananuka kama mboga iliyosahauliwa jikoni.

Kilichofuata ni hiki. Madamu alitoka barazani, akasimama juu yangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa nini?" Nikaangalia miguu yangu. Akauliza tena, "Kwa sababu nilisema baba baadaye? Kwa hiyo?" Ndipo nikaona alichokuwa anafikiri. Alifikiri nimeua maua yake kwa hasira, kulipiza. Na mimi nilikuwa na jibu mdomoni, jibu dogo la maneno mawili, sikuelewa ulichosema. Kama ningelitoa pengine angecheka, au angenitukana, na mambo yangeisha hapo. Sikulitoa. Niliona afadhali aniite mtu mbaya kuliko aniite mjinga. Nilikuwa kijana, Mzee Bahati alikuwa ananitazama kwenye dirisha la jikoni, nami nikasimama pale kimya kama mtu aliyefanya kwa kusudi.

Akasema, "Basi huendi."

Na sikwenda. Hakunifukuza, alininyima safari tu. Babu yako akafa kabla mvua hazijaisha. Niliambiwa na dereva yuleyule, nikiwa nimeenda Nyabugogo kununua kamba. Nyumbani nilimwambia mama yako kwamba baba amefariki, akalia, majirani wakaja kukaa na sisi. Sikumwambia kwamba ningeweza kuwa kule. Amekuja kujua mwaka huu tu, nilipomweleza kwa nini nataka wewe uende kwetu. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi ninachekea nini?"

Zile hotensia tano zilikufa kweli. Ile ya kona haikufa. Nilikuwa ninatembea polepole kwa woga wa kumwaga, na nilipofika mwisho ndoo ilikuwa imepoa. Ilipukutika majani yote, ikakaa kama fimbo, kisha ikachipua. Matawi niliyoyapanda upya ukutani yalitoka kwake, na nikachukua moja nikalileta Gatsata, nikalipanda kati ya mlango wetu na ukuta wa Fundi Karoli. Hiyo ndiyo unayoijua. Ndiyo uliyokuwa unaficha chini yake midoli yako ya magome ya mgomba. Pale kwetu udongo ni uleule mwekundu, ikatoa maua ya buluu kama ya Kiyovu, na majirani wakaja kuuliza bei ya oritansia, kama wanavyoiita wao, na mama yako akawa mtu wa maua bila kutaka.

Sasa rudi kwenye siku moja unayoikumbuka vibaya. Ulikuwa na miaka kama kumi. Mwaka uliotangulia Fundi Karoli alikuwa ameupaka ukuta wake chokaa kwa ajili ya harusi ya dada yake, na mvua ikaiosha ile chokaa ikamwagika upande wetu. Sisi hatukujali. Mvua zilizofuata hotensia ikachanua, na wewe ukaja mbio: "Baba, njoo! Oritansia imevaa nguo mbili!" Nikatoka. Upande wa mlango ilikuwa ya buluu. Upande wa ukuta ilikuwa ya waridi.

Nilimwita Fundi Karoli. Unamjua, hawezi kuona kitu asicheke. "Sha, Gerivazi, umeipaka rangi?"

"Wewe ndiye umeipaka. Ulimwaga nini hapa?"

"Mimi? Ni ishwagara tu, ya ukuta. Chokaa. Wazungu wangu wa zamani kule kwenye ujenzi walikuwa wanaiita sho."

Nikamwambia arudie.

"Sho," akasema. "Sho ni chokaa. Hukujua? Na wewe unafanya Kiyovu!"

Wewe unasema siku ile niliumwa, kwa sababu nilikaa chini juu ya tofali. Sikuumwa. Kwa Kifaransa moto ni sho na chokaa ni sho, na masikio hayawezi kuyatofautisha. Nyuma ya jiko la Madamu kulikuwa na gunia la chokaa waliloliacha wapaka rangi. Lilikuwepo siku zote. Aliponyoosha mkono alikuwa analionyesha, mimi nikaona jikoni. Mpaka siku ile nilikuwa ninaamini kwamba nilichokosa kuelewa ni kipimo cha moto tu, kwamba niliyachemsha mno.

Kisha nikaona unaniangalia, umeanza kutaka kulia, basi nikacheka. Nikawaambia wewe, mama yako na Karoli habari ya ndoo, nikaigiza Mzee Bahati na taulo lake, Karoli akaanguka ukutani kwa kicheko. Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa. Nilicheka kwa sababu ulikuwa unaniangalia.

Sasa wewe unakwenda kwetu kusomea uuguzi. Ninakujua, mwanangu, na kile kichwa chako kinachotikisika umekitoa kwangu. Unakumbuka masista wa shuleni walivyokutuma hamira kwa Kifaransa, wewe ukasikia kitabu, ukatikisa kichwa, ukarudi na cha hesabu? Tulicheka, na mkate wao siku hiyo haukuumuka, basi. Kule utakakokwenda watakusemesha maneno ya Kiingereza, majina ya dawa yanayofanana kama sho na sho, na muuguzi mkuu atakuwa na haraka, na wenzako watakuwa wamekuzunguka, na utajua wanakungoja uteleze kwa sababu umetoka Rwanda. Na watakucheka. Hilo usilitilie shaka, watakucheka siku ya kwanza utakaposema "mimi iko na njaa". Mimi hapa Kigali walinicheka kinyume chake. Waliniambia ninaongea kama redio. Hakuna aliyekufa kwa hilo, si mimi, si wao.

Lakini chini ya mkono wako hapatakuwa na hotensia. Kwa hiyo ukiambiwa neno usilolijua, mwangalie huyo mtu usoni umwambie hujui. Afadhali akuite mjinga. Mimi nilikwepa jina hilo, na mpaka leo sijui kaburi la baba yangu liko upande gani wa shamba la migomba.

Bado hilo si jibu lote. Utasema, baba, huo ni mwaka mmoja, na miaka mingine? Hata Madamu ameshaondoka, tangu vita ilipoanza kule kaskazini, na nyumba ikachukuliwa na bosi huyu wa sasa, injinia, mtu mpole, nami nikabaki ndani yake kama bomba la bustani. Kwa nini sikumwomba huyu? Nitakuambia ukweli. Mtu akikosa mazishi ya baba yake mwaka wa kwanza anaogopa kwenda kwa sababu ya uso wa mama yake. Mwaka wa pili anaogopa zaidi, maana sasa ana huo mwaka wa kwanza pia wa kueleza. Inaongezeka hivyo. Nauli niliwahi kuwa nayo. Mara moja nilifika mpaka mlango wa basi, mama yako hajui, kisha nikajiambia nitaomba ruhusa kwanza ili mambo yawe sawa, nikarudi, na sikuomba. Ile "huendi" niliambiwa mara moja tu. Hizo nyingine zote nimejiambia mwenyewe.

Na bibi yako hajawahi kunilaumu. Mwaka juzi alimtuma dereva na maneno haya tu: "Mwambie Gervas mlango wa nyuma bado unakwama." Nilipoyasikia nilikuwa nimebeba gunia la samadi hili hili ninalolikalia, au ndugu yake, nikalishusha.

Mvua imepungua. Ninasikia redio ya bosi barazani. Nimeyasoma niliyoandika tangu mwanzo, kwa kidole, na ninaona aibu. Ninakufundisha wewe kuuliza na mimi nimejificha ndani ya stoo. Ngoja.

Nimerudi. Kalamu inateleza kwa sababu mikono imelowa. Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Bosi alikuwa amekaa na redio mapajani, kama watu wote wanavyokaa siku hizi. Nilisimama kwenye ngazi nikavua kofia.

"Bosi, nina ombi."

Akapunguza sauti ya redio. "Ombi? Wewe? Mkasi umevunjika?"

"Mkasi ni mzima. Ninaomba ruhusa niende kwetu."

"Gatsata kuna nini?"

"Si Gatsata, bosi. Kwetu Kasulu."

"Kasulu iko wapi?"

"Tanzania."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia kiti chake kikiongea. "Wewe iko Mtanzania? Mimi miaka yote nilijua wewe iko Mrundi." Kisha akacheka kidogo, si vibaya. "Ndiyo maana unaongea kama redio! Unataka kwenda lini?"

"Kesho. Na binti yangu."

Akatikisa kichwa kukataa. Kesho haiwezekani, ana wageni wiki nzima, na hapendi kubaki bila mtu getini na hali ilivyo. Ndivyo alivyosema, Yustina: haiwezekani. Nilikuwa nimeliogopa neno hilo tangu ukiwa na miaka mitatu. Nikalisikia nikiwa nimesimama palepale kwenye ngazi, maji yananitiririka shingoni. Nikamuuliza, "Basi lini, bosi?"

Akafikiri. "Mwezi wa saba. Wakati wa kiangazi bustani imelala. Nenda mwezi mzima, mshahara uko palepale." Akaongeza sauti ya redio, kisha akaipunguza tena. "Gerivazi. Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia, "Ni hadithi ndefu, ina maji ya moto ndani yake." Akasema nitamwambia siku nyingine. Kesho asubuhi amenipa mpaka saa nne. Nitalibeba sanduku lako mwenyewe mpaka Nyabugogo, na mama yako atabeba maneno yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nitakuja mwezi wa saba. Mwambie bibi.

Lazima nifunge, maana amri ya kutotoka nje haijali mtu mwenye barua, na nikichelewa wanajeshi wa kizuizi cha pale chini wataniuliza vitambulisho nusu saa, wakati wale wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za rangi ya hotensia wanapita kwenye magari yao meupe wananipungia mkono. Mama yako anasema ni heri uende sasa wakati barabara ipo. Mimi ninasema ni heri uende kwa sababu umepata shule. Tunasema yote mawili, kila mtu lake.

Ndani ya sanduku, upande wa viatu, utakuta matawi matatu ya hotensia yetu, nimeyafunga kwa gazeti bichi na jani la mgomba. Nimechukua yasiyo na maua, urefu wa kiganja, nimekata chini kidogo ya kifundo, na majani niliyoyabakiza nimeyakata nusu ili yasinywe maji mengi njiani. Usishtuke ukiyaona yamelegea. Ukifika, yachomeke kwenye udongo laini penye kivuli, vifundo viwili viingie chini, umwagilie kidogo, kisha uyaache. Moja litakufa. Pengine mawili. Lile litakaloshika lipe jua la asubuhi, si la mchana. Na bibi asilimwagie jivu la jikoni wala chokaa. Ninataka kujua udongo wa kwetu unatoa rangi gani. Niliuacha kabla sijajua kwamba udongo una rangi ndani yake. Mwezi wa saba halitakuwa limechanua, najua, litakuwa na majani manne. Nitayaangalia hayo manne.

Lipande nyuma ya nyumba, karibu na ule mlango unaokwama. Lakini lisikae karibu sana. Mwambie bibi asiite fundi mwingine, nitakuja na randa yangu. Wewe pima kwa hatua, uache nafasi, mlango ukichongwa ufunguke wote.

Baba yako,
Gervas